Kizibao cha Saba

Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, Ambroise alikuwa amepiga magoti mbele ya bwana harusi mnene, akimsihi avute tumbo ndani ili kifungo cha mwisho kipate kufika kwenye tundu lake, mara mguu wa mtu ukaingia kupitia darini.

Ulikuwa mguu mmoja tu. Umevaa gambuti jeusi lenye matope, na juu ya gambuti suruali ya kazi iliyochanika gotini. Ulining'inia hapo, ukachezacheza kidogo, kama unaotafuta ngazi. Bwana harusi aliachia pumzi yote aliyokuwa ameibana. Kifungo kikaruka na kugonga kioo.

"Mwizi!" akapiga yowe, akatoka mbio na suruali ya kukodi, akapotea katikati ya wauza nyanya na makondakta wa Nateete waliokuwa wakigombania abiria wa kwenda mjini.

Ambroise alisimama akajipangusa magoti. Alikuwa mtu wa Bukavu, umri miaka thelathini na mitano, minane kati yake akiwa Kampala, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona na shati lililojikunja. Siku hiyo alivaa suti rangi ya haradali, shati la zambarau na viatu vyeupe vya ngozi. Duka lake la kushona na kukodisha suti za harusi liliitwa Élégance ya Bukavu, na bango lake lilikuwa kubwa kuliko duka lenyewe, hata likalificha paa lote.

"Nani iko ku paa yangu?" akauliza kwa ukali.

"Samahani, ssebo!" sauti ya kike ikajibu kutoka juu. "Bati yako ameoza!"

"Bati yangu haijaoza! Wewe ndiye unakanyaga kama ng'ombe!"

"Ng'ombe hajui kupanda ngazi. Nisaidie, mguu yangu ameshikwa."

Dada yake, Huguette, alikuwa ameketi kwenye cherehani na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja. "Ambroise, usiguse mguu wa mtu usiyemjua. Muulize jina kwanza."

Ambroise akauinulia macho ule mguu. "Unaitwa nani?"

"Lamwaka," mguu ukajibu.

Waliusukuma kuelekea juu kwa mpini wa ufagio, kwa heshima zote, na baada ya dakika mbili mwenye mguu akashuka kwa ngazi na kuingia mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kupendeza, amevaa koti la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa na kofia ngumu ya manjano, nywele zake za kusuka zikiwa zimejaa kutu ya bati. Mkononi alishika kisanduku cheupe chenye antena fupi kama kidole. Ambroise alitazama lile koti, akaona mabega yake yameshonwa vibaya, akataka kusema. Kisha akayaona macho ya mwenye koti, akasahau mabega.

"Mimi ni mwanafunzi ya uinjinia," alisema Lamwaka. "Tunaweka vidude kumi na nne kwa mfereji, kutoka chini ya Lubaga mpaka lango ya soko. Kila kidude naangalia maji. Maji akipanda, yeye naambia mwenzake kwa redio, mwenzake naambia mwenzake, mpaka king'ora ya soko nalia na watu nainua vitu. Mwaka jana maji amekula vitu ya watu hapa."

"Imekula suti zangu ishirini," alisema Ambroise. "Lakini kwa nini ku paa yangu?"

"Sisimizi wamechagua."

Ambroise akamtazama dada yake. Huguette akarudisha pini mdomoni.

Mezani palikuwa na kikombe cha chai na sukari iliyomwagika, na sisimizi walikuwa wameshaigundua. Lamwaka akavuta kiti bila kukaribishwa. "Ona hawa. Mwanzo kila mmoja natembea bila akili. Ule amepata njia mfupi, narudi haraka, naacha harufu. Mwingine nafuata harufu, naongeza yake. Njia mbaya hakuna mtu napita, harufu yake naisha. Sasa mimi nimetengeneza sisimizi ndani ya kompyuta. Nimewapa mapaa yote ya Nateete, miti yote, nguzo zote, mia tatu na kumi. Nikasema, chagueni kumi na nne tu, wanaosikiana vizuri. Hawa vidude hawasikii mbali. Sisimizi wametembea siku mbili. Kila mara narudi hapa. Paa yako ni katikati: sita ya juu hawawezi kuongea na wa chini bila kupita kwa yeye. Namba saba."

"Sisimizi wangapi?"

"Mia mbili. Mara elfu tano."

Ambroise alinyoosha kola. "Na wote wamenichagua mi. Njo vile. Hata mdudu anajua mahali pazuri."

Lamwaka akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko duka.

Hapa inafaa niseme neno kuhusu Kiswahili cha Lamwaka, kwa maana ndicho kilicholeta balaa lote. Alizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, binti wa Sajini Okot, Mwacholi aliyelinda majengo ya serikali miaka thelathini. Kiswahili alikiokota baina ya uwanja wa gwaride na bomba la maji, na Kiswahili cha kambini hakina muda wa kupanga vitu kwa ngeli. Kambini kiti ni yeye, sufuria ni yeye, baiskeli ya Sajini ni yeye. Ambroise naye alikuja na Kiswahili cha Bukavu, chenye mambo yake. Kila mmoja aliona mwenzake anazungumza vibaya, wakapata la kutaniana.

Jumamosi Lamwaka alirudi na bati jipya, akaligongelea mwenyewe, akafunga kidude namba saba nyuma ya bango. Jumatano akaja kukikagua. Jumamosi iliyofuata akaja tena, ingawa kidude hakikuwa na shida yoyote, akaletewa chai, na kofia ngumu ikavuliwa. Halafu zikaanza simu.

"Halo, Saba."

"Ninaitwa Ambroise."

"Kwa simu yangu wewe ni Saba. Watu wote wenye paa nimeandika namba yao. Kuna Tatu, kuna Tano. Mama ya mihogo ni Tisa."

"Na hao wote unawapigia saa moja ya jioni kuuliza kama wamekula?"

Kikasikika kile kicheko. "Kale, sawa. Wewe umekula?"

"Sijakula. Nilikuwa ninangoja mtu aniulize."

Ambroise alikata simu akiwa anaelea. "Mi ni Saba," alimwambia Huguette.

"Mi nilifikiri wewe ni mjinga tu," alisema Huguette. "Kumbe uko na namba."

Baada ya mwezi mmoja wa chai na simu, Ambroise akataka kumpa zawadi. Lakini utampa nini mwanamke asiyevaa hereni kwa kuwa hunasa kwenye nyaya, na ambaye ukimpa maua atakuuliza yanapima nini? Alifikiri siku tatu. Ya nne akapanda basi dogo mpaka Kikuubo, akajipenyeza kati ya mikokoteni na mabohari, akarudi na kipande cha kitambaa cha dhahabu, kile kizito chenye nyuzi zinazometameta, ambacho aliwashonea mabwana harusi wa kifahari tu. Msimu wa mvua ulikuwa unakaribia, na kidude cha Lamwaka kilikaa juu uchi.

Akakishonea kizibao. Kizibao kamili, chenye kola, mfuko wa mbele, vifungo vitatu vidogo na bitana ya hariri. Kwa kitambaa kilichobaki akaifunga antena tai. Jumapili alipotoka kanisani alipanda juu kwa siri, akakivisha, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Kilipendeza mno. Angemwonyesha Lamwaka siku wahandisi wa jiji watakapokuja kuujaribu mtambo, mbele ya watu wote.

Alishuka ngazi akipiga mluzi.

Jumanne, karibu na adhuhuri, alisikia sauti ya Lamwaka nje, chini ya bango. Alichukua kitambaa kufuta vumbi kwenye viatu kabla ya kutoka. Hivyo akawa ameinama, karibu kabisa na ukuta wa mbao, alipomsikia akizungumza kwa simu na Makokha, mwanafunzi mwenzake wa Busia.

"Makokha, mimi nimechoka na Saba... Hapana, zamani alikuwa mzuri, mimi sikatai. Tangu Jumapili nanyamaza tu. Namwita, hajibu. Nakula bure, kazi hakuna... Nimepata mwingine, kwa Abdul-Latif yule ya kusaga mahindi... Sura mbaya, ndiyo, lakini yuko juu, nasikia watu wote... Kuambia Saba? Saba haambiwi kitu. Natoa yeye leo, naweka kwa sanduku, basi."

Wewe unayesoma umeshaelewa. Ambroise hakuelewa. Kwake yeye, Saba alikuwa mtu mmoja tu duniani, mwenye suti ya haradali. Alisimama polepole, kitambaa mkononi, masikio yakimwaka moto. Tangu Jumapili kweli hakumpigia, kwa kuogopa siri ingemtoka. Kumbe kwa siku mbili tu ameshachokwa, ameshapatiwa mwingine, na anatafutiwa sanduku.

Lamwaka aliingia akitabasamu. "Saba! Mimi nataka panda juu."

"Bonjour, mademoiselle," alisema Ambroise. "Paa limefungwa."

"Paa nafungwa namna gani?"

"Limefungwa. Enda kwa Abdul-Latif. Yeye iko juu, anasikia watu wote."

Lamwaka alishangaa, kisha akadhani ameelewa: Ambroise amesikia kwamba kidude kinahamishwa, na amenuna kwa ajili ya kidude. "Ambroise, hii ni kazi. Sisimizi wakisema yeye ahame..."

"Usiniletee sisimizi! Mtu anachagua na roho."

"Lakini yeye hana roho, Ambroise!"

Huguette anasema hajawahi kumwona kaka yake akibadilika rangi vile, hata siku walipovuka mpaka. Ambroise alikwenda mlangoni akaufungua wazi, japo ulikuwa wazi tayari.

"Aksanti," alisema. "Sasa ninajua."

Lamwaka alisimama kidogo, akiigeuza kofia yake mikononi. Macho yake yalilowa, naye hakupenda yaonekane. "Kale," akasema, akaivaa, akaondoka.

Alipiga simu jioni ile. Ambroise aliiacha ilie. Alipiga kesho yake. Ikalia tena mpaka ikakoma. Hakupiga mara ya tatu.

Zilifuata wiki mbili mbaya. Ambroise alishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto. Bwana harusi mmoja wa Ndeeba alikwenda kanisani na miguu ya suruali isiyolingana, akarudi na shemeji zake kudai maelezo. Kila asubuhi Ambroise alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye paa refu la Abdul-Latif, na siku nyingine aliona koti la rangi ya chungwa likipanda huko.

"Mwulize," alisema Huguette. "Mpigie, umwulize alikuwa na maana gani."

"Mwanaume hawezi kuuliza kwa nini amewekwa kwa sanduku."

"Alisema Ambroise?"

"Alisema Saba! Saba ni nani, kama si mi?"

Siku moja Abdul-Latif mwenyewe aliingia dukani na kanzu ya kutiwa kiraka. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, unga mpaka kwenye nyusi, jino moja la dhahabu na wajukuu kumi na mmoja. Ambroise alimkagua kutoka kichwani mpaka kwenye ndara, na uchungu ukazidi. Ameniacha kwa ajili ya huyu!

"Yule mtoto wa porisi," alisema Abdul-Latif, aliyekuwa Mganda na ulimi wake haukujali l na r, "jana ameria juu ya paa yangu. Kidude chake, mashine yangu ikisaga, kinakuwa kiziwi kabisa. Na Arhamisi wahandisi wa jiji wanakuja. King'ora kisiporia, wanabeba vidude vyote na yeye, wanapereka Mbale. Mimi nimemwambia nitazima mashine. Amesema, mzee, mvua haingoji wewe uzime."

Alipoondoka, Ambroise alitoa simu mfukoni, akalitafuta jina la Lamwaka, akalitazama. Akairudisha simu mfukoni. Huguette aliona, akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumatano, siku moja kabla ya wahandisi, jua liliwaka Nateete kama kawaida. Mama mmoja alikuwa amezianika karanga zake kwenye gunia mbele ya duka. Saa tisa alasiri simu ya Ambroise ikaanza kulia. Ililia mara nne. Ya tano Huguette akainyakua.

"Halo... Ee... Mungu wangu. Ambroise, ni yeye."

"Sema siko."

"Amesema kama hauko, atakuja kukuua hivyohivyo."

Ambroise akaipokea kwa vidole viwili. Sauti ya Lamwaka ililipuka humo, na nyuma yake mvua inayopiga mabati. "Ambroise! Makokha yuko kule juu, maji amefika kwa kiuno yake! Nakuja kwenu, nusu saa, pengine haifiki!"

"Hapa jua linawaka."

"Mvua iko kwetu! Kidude kwa Abdul-Latif ni kiziwi, mzee nasaga, simu yake hashiki. King'ora hatalia! Panda juu, angalia Saba!"

"Saba ni mi," alisema Ambroise kwa uchungu wote wa wiki mbili. "Na mi niko chini. Uliniweka kwa sanduku."

Upande wa pili mvua ilizidi kupiga mabati.

"Wewe ni Ambroise," alisema Lamwaka taratibu. "Saba ni kidude."

"Lakini ulimwambia Makokha, natoa yeye, ananyamaza, anakula bure..."

"Kidude, Ambroise! Kidude ni yeye! Mfereji ni yeye! Mvua ni yeye, na yeye nakuja sasa hivi! Panda!"

Huguette alitoa pini mdomoni. "Nilikuambia umwulize."

Ambroise alitoka mbio, akapaza sauti katikati ya barabara: "Maji inakuya! Inueni vintu!" Mama wa karanga akaangalia mbingu, akaangalia suti. "Leo umekunywa nini, Mukongo?" Watu wakacheka. Hakuna aliyeinua hata kikapu. Mtu huinua mzigo wake kwa king'ora, si kwa fundi wa nguo. Ambroise akaweka simu mfuko wa juu, akaifungulia sauti mpaka mwisho, akaiparamia ngazi kwa viatu vyeupe.

"Umefika?" simu ikauliza kutoka kifuani mwake. "Taa yake nawaka?"

"Inawaka. Kijani. Ninaiona kati ya kifungo cha pili na cha tatu."

"Kifungo gani?"

"Cha kizibao."

"Ambroise. Kizibao gani?"

"Nilimshonea. Ilikuwa siri. Kina bitana ya hariri."

"Kitambaa gani?"

"Ya dhahabu. Nyuzi za chuma kabisa, mi sishonei watu feki."

Sauti ya Lamwaka ilishuka chini, ikawa ya kuogopesha. "Chuma. Umefunga redio yangu ndani ya chuma. Na antena?"

"Antena ina tai."

"Mvue!" simu ilipiga kelele, na soko lote likageuka kutazama juu. "Mvue nguo zote! Sasa hivi! Mvue tai kwanza!"

Mama wa karanga aliweka chini ungo wake ili asikie vizuri. Ambroise alifungua tai, akahamia kwenye vifungo. Lakini vilikuwa vidogo, na alikuwa amevishona kama mtu anayeshona kwa mapenzi, havikutoka. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alikishika kizibao kwa mikono miwili, akakipasua.

Kwanza hakikutokea kitu. Taa ya kijani ilipepesa mara moja, mara mbili, ikageuka nyekundu. Kisha, kutoka lango la soko, king'ora kikalia.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Magunia ya mchele yalipanda juu ya meza, nyanya zikapanda juu ya vibanda, karanga zikakusanywa kwa kanga. Abdul-Latif alizima mashine, akatoka akiuliza nani amekufa. Mtu mmoja aliinyakua ngazi ya Ambroise akaenda nayo kupandishia unga. Ndani ya duka Huguette alitundika suti kwenye boriti, tatu tatu, akitukana kwa lugha mbili. Na maji yakaja, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma chupa, ndara moja na nusu ya mlango, yakajaa barabarani mpaka magotini na kwingine mpaka kiunoni. Nyuma yake ikafuata mvua yenyewe. Ambroise alikaa juu ya paa, kizibao kilichopasuka mapajani, suti ya haradali ikimwaga rangi yake kwenye viatu vyeupe.

Lamwaka alikuja na boda mpaka pale mwenye boda alipokataa, akaendelea kwa miguu, maji yakiingia kwenye gambuti na kutoka. Alisimama chini ya bango, akainua uso.

"Shuka!"

"Ngazi wameichukua!"

"Basi sikia hukohuko! Wiki mbili, Ambroise! Nimelaumu betri. Nimelaumu Makokha. Nimeandika kwa karatasi ya chuo kwamba sisimizi walikosea. Sisimizi! Na kumbe ni tai!"

"Nilitaka apendeze!"

"Nani?"

"Kidude." Ambroise alifuta maji usoni. "Na mwenye kidude anione."

"Mimi nilikuona zamani! Mtu wa suti hii naonekana mpaka Entebbe!"

"Sasa kwa nini ulisema sina roho?"

"Kidude hana roho! Wewe uko nayo, kubwa sana. Masikio ndiyo mabaya."

Watu waliokuwa juu ya meza na magunia walikuwa wameacha kuhangaika na mizigo yao, wakisikiliza. Ambroise aliwaona, na mara hii hakujali. Aliinama mpaka ukingoni. "Ulipiga mara mbili tu, halafu ukaacha."

Lamwaka alishika nguzo ya bango kwa kuwa maji yalikuwa yanamsukuma. "Mimi ni mtoto ya polisi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi watu wakae kimya kuisikia. "Sisi tunagonga mara mbili, ya tatu tunavunja mlango. Nikaogopa kuvunja."

"Ungevunja," alisema Ambroise. "Mi nilikuwa nyuma ya mlango."

"Amburozi!" Abdul-Latif akaita kutoka ng'ambo, unga umegeuka uji kwenye nyusi zake. "Ruka umchukue mtoto wa watu, maji ni baridi!"

Ambroise akaruka. Alitua vibaya, akazama mpaka shingoni, akaibuka na kiatu kimoja. Lamwaka akamshika kola, akamvuta, na alichofanya baada ya hapo kilifanya mama wa karanga afunike macho na kuangalia kati ya vidole.

Alhamisi wahandisi wa jiji walifika na madaftari yao, viatu vyao vikizama kwenye tope, tayari kuujaribu mtambo. Hawakupata nafasi ya kujaribu. Wanawake wa soko waliwazunguka wakaonyesha mchele mkavu, unga mkavu, karanga kavu, wakawaeleza mambo ya king'ora kwa pamoja na kwa sauti kubwa, mpaka mkubwa wa wahandisi akaomba kiti.

Jumamosi asubuhi Lamwaka aliingia dukani, na Ambroise, aliyekuwa akipiga pasi, nusura aunguze suruali ya watu. Hakuwa na kofia wala gambuti. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, viatu vya visigino, na alitembea kwa tahadhari kama mtu anayevuka daraja jipya.

"Hakuna Mbale," alisema. "Wametupa miaka miwili. Tunaongeza vidude hapa, halafu tunaenda Ggaba, kwa wavuvi. Nimeambia sisimizi waanze kutembea."

Ambroise aliweka pasi chini. Alikuwa ametayarisha maneno kwa siku mbili: mwanzo kwa Kifaransa, katikati kwa Kiswahili, mwisho neno moja la Kiacholi alilofundishwa na Okidi, askari wa lindo wa benki. Alikunja kitambaa cha mfukoni, akakikunjua, akakohoa.

"Lamwaka. Mademoiselle. Tangu siku ile, mi... Yaani, ukiangalia maisha ya mtu, huku na huku, hata kule Bukavu..." Akapotea. Akarukia mwisho. "Amari," akasema.

Lamwaka alijishika kifua. Nakupenda, kwa lugha ya kwao, limesemwa kwa lafudhi ya kutisha. "Nani amekufundisha?"

"Okidi wa benki."

"Amekufundisha vizuri. Mimi pia." Akaangalia chini kwenye viatu vyake vipya, kisha juu. "Baba anasema uje Nsambya kesho baada ya kanisa. Anasema uvae kitu asihitaji kufumba macho."

"Na nitamwambia nini Mzee Sajini?"

"Hiyo utaniuliza njiani. Sasa wewe unaongea sana, na sisi tuko na kazi." Akasogea katikati ya duka, mbele ya kioo, akanyoosha mikono pande zote mbili kama anayezuia magari. "Nipime."

"Nguo gani?"

"Ambroise. Hapa unakodisha suti za nini?"

Huguette alishafungua daftari, penseli mkononi, na midomo yake ilikuwa inacheza. Ambroise alichukua futi shingoni. Mikono iliyopima mabwana harusi wa nusu ya Kampala iliishika kinyume, ikaigeuza. Alizungusha futi kiunoni mwa Lamwaka, akaikutanisha mbele, akaisoma. Nywele zake zilinuka sabuni na mvua kidogo.

"Ngapi?" aliuliza Huguette.

Ambroise aliitazama futi, kisha akamtazama mwenye kiuno.

"Nimesahau," alisema.

"Pima tena," alisema Lamwaka.